Great Central Road, Arnhem Land au Dampier Peninsula: upige kambi wapi kwenye ardhi ya Waaborijini

Kwenye ramani ya Australia barabara zote huchorwa kwa rangi moja, hivyo ni rahisi kudhani kwamba zote ni za kila mtu. Karibu nusu ya Northern Territory ni ardhi ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, kwa hati isiyoruhusu kuuzwa, na Western Australia na South Australia nazo zina maeneo mapana yenye sheria zake. Kuingia humo bila kibali ni kosa, hata ukiwa mpita njia. Na vibali havifanani: kipo cha kupita tu, kipo cha kulala, kipo cha kuingia asubuhi na kutoka jioni.

Wageni wengi huchagua njia kwa uzuri wa picha, kibali wakakiomba baadaye. Ndipo wanapogundua kwamba karatasi waliyopewa hairuhusu jambo walilolifuata: wao walitaka kuvua samaki siku nne, kibali kinasema wapite. Ushauri wetu ni kuanzia upande wa pili. Jiulize kama unataka kuvuka, kukaa au kuvua, kisha ufuate njia ambayo wenye ardhi wanaliruhusu hilo.

Hapa tunalinganisha tatu. Ya kwanza ni Great Central Road, takribani kilomita 1,125 za jangwa kutoka Laverton, Western Australia, hadi Yulara karibu na Uluru. Ya pili ni Central Arnhem Road, inayoacha Stuart Highway kilomita kama 50 kusini mwa Katherine na kwenda karibu kilomita 700 hadi Nhulunbuy, pembe ya kaskazini mashariki ya Arnhem Land. Ya tatu ni Dampier Peninsula, rasi iliyo kaskazini mwa Broome, yenye barabara ya kama kilomita 200 iliyomalizika kuwekwa lami mwaka 2020.

Vibali vingapi, na vya nani

Great Central Road inataka vibali viwili kwa sababu inavuka mpaka. Upande wa Western Australia inapita ardhi ya Wangaanyatjarra, na kibali chake huombwa mtandaoni bila malipo, chini ya sheria ya jimbo hilo ya 1972. Ukivuka kuingia Northern Territory, kipande kinachopitia Kaltukatjara, kijiji ambacho ramani nyingi hukiita Docker River, kiko chini ya Central Land Council, baraza la kusimamia ardhi ya Waaborijini lenye makao Alice Springs. Kosa la kawaida ni kubeba kimoja ukaamini kinatosha. Jingine ni kuandika jina la dereva peke yake. Kila abiria aandikwe, pamoja na namba ya gari na tarehe. Mwenzenu akijiunga njiani baada ya fomu kutumwa, ombeni upya.

Arnhem Land nayo ina vibali viwili, lakini vya kazi mbili tofauti. Northern Land Council, baraza la ardhi la upande wa kaskazini, hutoa cha kupita barabarani. Dhimurru, shirika la Wayolngu, wenyeji wa huko, lililoanzishwa 1992, hutoa cha kutumia fukwe, mito na maeneo ya kambi yanayozunguka Nhulunbuy, na hicho ni cha kulipia. Mji wenyewe ulijengwa kwa ajili ya mgodi wa boksiti na hauhitaji kibali kukaa ndani yake. Kwa hiyo anayefika kwa ndege haombi kibali cha barabara, ila akitaka kulala ufukweni ni lazima apite Dhimurru. Na hata ndani ya maeneo ya Dhimurru kuna madaraja: Nanydjaka, yaani Cape Arnhem, na Bawaka zina kibali maalumu, na idadi ya magari huwekewa kikomo. Ukifika mjini ndipo uombe, unaweza kukuta nafasi za wiki nzima zimekwisha.

Ugumu huo una chanzo chake, na chanzo chenyewe ni hapo hapo. Mwaka 1963 Wayolngu wa Yirrkala, kijiji kilicho jirani na Nhulunbuy, walipeleka bungeni maombi yaliyobandikwa kwenye magome ya mti yaliyochorwa, wakipinga ardhi yao kukatwa kwa ajili ya mgodi bila kuulizwa. Walipokwenda mahakamani walishindwa, mwaka 1971: jaji alikubali kwamba wana mfumo wao wa sheria, lakini akasema sheria ya Australia haiutambui kama umiliki. Hukumu hiyo ilizaa tume ya uchunguzi, na tume ikazaa sheria ya haki za ardhi ya 1976 inayotumika Northern Territory hadi leo. Anayejaza fomu ya kwenda Nhulunbuy anaomba ruhusa ya kuingia mahali ambapo watu waliwahi kunyimwa haki ya kukataa. Wakikukatalia, wanatumia haki hiyo.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Mwaka 1944 askari wa jeshi la anga la Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu kwenye mchanga wa Marchinbar, kimojawapo cha visiwa vya Wessel kaskazini mwa Arnhem Land. Tano kati yake baadaye zilitambuliwa kuwa za Kilwa. Wanahistoria bado wanabishana zilifikaje. Wanaopanga kwenda kupatazama wajue kwamba visiwa hivyo ni ardhi ya Waaborijini vilevile, na kibali cha barabara hakikufikishi huko.

Dampier Peninsula ndiyo nyepesi kwa karatasi. Kuingia kwenye ardhi iliyotengwa kwa Waaborijini kunataka kibali cha Western Australia, kilekile cha mtandaoni kisicho na malipo, kisha kila kijiji kina ada yake ya kuingia, hulipwa kwa gari au kwa mtu, ofisini au dukani pale kijijini: Beagle Bay, Lombadina, Ardyaloon. Beba fedha taslimu, tena za kuchenji, kwa kuwa mtandao wa simu ukikatika mashine ya kadi haifanyi kazi. Ada ya Beagle Bay haikufungulii Ardyaloon. Wapo wanaolalamikia hilo. Lakini hivi ni vijiji tofauti, na Wanyulnyul wa Beagle Bay si Wabardi wa Ardyaloon.

Utalala wapi hasa

Hapa ndipo njia hizi zinapoachana kabisa.

Kibali cha Great Central Road ni cha kupita. Lala kwenye viwanja vya vituo vya barabarani: Tjukayirla, Warburton na Warakurna. Viko vyenye uzio, choo, bafu na sehemu ya hema. Karibu na Kaltukatjara kuna uwanja mdogo wa kambi chini ya miti ya mivinje ya jangwani, usio na huduma nyingi, na ni mzuri sana. Kuacha barabara kufuata njia ya vumbi iliyoelekea kilimani kwa sababu "hapana mtu" ni kuvunja kibali. Kilima hicho kinaweza kuwa mahali ambapo wanawake tu, au wanaume tu, ndio wanaoruhusiwa kukaribia, na hakitakuwa na bango, kwa kuwa kuweka bango ni kutangaza kilipo.

Central Arnhem Road haina vituo vingi. Kuna Mainoru, kilomita kama 250 kutoka Katherine, ambako unaweza kulala na kujaza mafuta. Zaidi ya hapo panga mwendo ili ulale panapotajwa na kibali chako. Ukifika Nhulunbuy mambo yanabadilika: ukiwa na kibali cha Dhimurru unalala ufukweni au kando ya mto kwenye maeneo yaliyotengwa, unapika, unaamka na kukaa. Angalia tu orodha kwa makini, maana baadhi ya maeneo ni ya kushinda mchana na si ya kulala.

Dampier ina mpango wa tatu. Kambi nyingi zinaendeshwa na familia, kila moja kwenye ufuko wake, na malipo huwa kwa mtu kwa usiku. Moja itakuwa na maji moto na kibanda cha kivuli, nyingine itakupa mchanga na choo cha shimo. Hapa mwenyeji yupo. Atakueleza wapi uoge, wapi usivue, na pengine atakuchukua kutafuta kaa kwa mkuki kwa ada. Kwa anayetaka kukutana na watu, na si mandhari tu, hakuna inayoikaribia kati ya hizi tatu. Lakini kambi za familia hufunguka na kufungwa kulingana na hali ya familia. Kitabu cha safari cha miaka mitano iliyopita kitakutajia kambi ambazo leo zina mnyororo getini. Piga simu, thibitisha, lipa kabla ya kutoka Broome. Kufika jioni ukitegemea kubahatisha, halafu ukaegesha gari kando ya barabara, ndilo jambo lililowachosha wenyeji tangu lami ifike na magari kuongezeka.

Pombe na petroli

Kanuni fupi: usibebe pombe kwenye Great Central Road wala Central Arnhem Road. Ardhi za Wangaanyatjarra haziruhusu pombe, na sehemu kubwa ya ardhi ya Waaborijini katika Northern Territory ni vivyo hivyo. Chupa iliyofungwa iliyo ndani ya boksi nayo ni pombe. Mbali na faini, polisi wa Northern Territory wana mamlaka ya kukamata gari lililobeba pombe kwenye eneo lililokatazwa, na kilomita 300 kutoka mji wa karibu hilo si jambo dogo. Nhulunbuy inauza, lakini kununua ya kuondoka nayo dukani lazima uwe na kibali cha pombe. Mgeni huomba akifika. Dampier kila kijiji kina msimamo wake, kwa hiyo uliza unapolipia ada, usisubiri kuulizwa.

Petroli ni habari ndefu kidogo. Jangwani, kunusa petroli kuliwahi kuharibu akili na kuua vijana wengi, ndiyo maana tangu 2005 vituo vya huko huuza Opal, petroli iliyopunguzwa kemikali zinazolevya. Ni ya oktani 91, na injini inayotumia petroli ya kawaida inaikubali. Kama kitabu cha gari lako kinataka 95 au 98, ulizia kwa fundi kabla ya safari, si kwenye pampu. Pampu nyingi utazikuta ndani ya wavu wa chuma. Usifunge madumu ya petroli juu ya kibebeo ukayaacha wazi usiku. Yafungie ndani, au uende na gari la dizeli, jambo ambalo kwa njia hizi mbili za kwanza tunalipendekeza kwa moyo wote.

Gari, upepo na lita

Dampier barabara kuu ni lami, gari dogo linafika hadi Ardyaloon. Njia za kuingia kambini ndizo zenye mchanga mwepesi, na huko gari lisilovuta magurudumu yote manne hukwama mita 50 tu baada ya kuacha lami. Uliza kambi kabla ya kulipa: "Njia ya kuja kwenu ni ya mchanga?" Jibu likiwa ndiyo, shusha upepo hadi kama psi 18 au 20 mwanzoni mwa mchanga, endesha polepole bila kukata kona ghafla, na ubebe pampu ya kujazia upepo kabla ya kurudi kwenye lami.

Great Central Road inaendelea kuwekwa lami kipande kwa kipande, lakini changarawe bado ni ndefu. Tatizo lake ni vijituta vidogovidogo vinavyokwenda kilomita kadhaa bila kukoma. Upepo ukiwa wa lami, tuseme psi 38, tairi huwa gumu, jiwe kali hulichana na kila nati ya gari hulegea. Shusha hadi 28 hivi na mwendo usizidi 80. Ukishusha upepo halafu ukakimbia 110, ubavu wa tairi hupata joto na kupasuka. Wengi wanaolaumu barabara wamefanya hilo. Beba spea mbili nzima, si moja na vifaa vya kuziba. Kagua nati za magurudumu na vifungo vya kibebeo kila jioni.

Kwa mafuta, Great Central Road inasamehe. Laverton hadi Tjukayirla ni kama kilomita 305, kutoka hapo hadi Warburton 255, hadi Warakurna 230, kisha hadi Yulara kama 335. Mtego uko kwenye saa. Northern Territory iko mbele ya Western Australia kwa saa moja na nusu, na vituo hufungwa jioni mapema, wikendi mapema zaidi. Unakwenda mashariki ukihesabu kufika saa kumi kwa saa ya Western Australia, kumbe kwa saa ya Northern Territory ni saa kumi na moja na nusu, unakuta pampu imefungwa. Piga simu uliza kituo kinafungwa saa ngapi na kinatumia saa ya upande gani.

Arnhem haisamehi. Ukishajaza kwenye kijiji cha Bulman, mbele yako kuna takribani kilomita 400 hadi Nhulunbuy bila kituo cha kutegemea. Gari linalokula lita 14 kwa kilomita 100 kwenye lami litakula 18 kwenye changarawe likikokota trela. Hiyo ni lita 72, na ongeza 20 za akiba kwa ajili ya kurudi nyuma ukikuta mto umejaa. Kama tanki ni la lita 70, madumu ni ya lazima. Northern Land Council hutaka gari la kuvuta magurudumu yote manne, lenye tumbo la juu. Wanaokodi gari wasome mkataba: kampuni nyingi hukataza barabara zisizo na lami, na bima huisha pale lami inapoishia.

Maji: lita 7 kwa mtu kwa siku, na akiba ya siku tatu, kwenye vyombo viwili au zaidi ili kimoja kikitoboka usibaki mikono mitupu. Simu ya kawaida haishiki sehemu kubwa ya njia hizi; kodi ya setilaiti. Redio ya UHF kwenye chaneli ya 40 itakusaidia kuzungumza na dereva wa lori refu aliye ndani ya vumbi mbele yako kabla hujajaribu kumpita.

Mtanzania, Mkenya au Mganda atajikuta upande wake wa kushoto aliouzoea. Anayetoka Kongo, Rwanda, Burundi au Ghuba awe mwangalifu hasa barabarani palipo tupu: baada ya saa nzima bila kuona gari, mkono hurudi kwenye mazoea ya kulia. Na usiku usiendeshe. Ngamia mwitu wako jangwani kwa wingi, na ng'ombe hulala juu ya barabara inayohifadhi joto.

Maji ya chumvi: mamba, bamvua na nyavu

Anayechagua jangwa aruke sehemu hii.

Mamba wa maji chumvi wapo Arnhem kote, baharini, mitoni na kwenye vidimbwi, na Dampier nako wapo. Lala angalau mita 50 kutoka ukingo wa maji. Usisafishe samaki penye kambi wala ukingoni, usichote maji mahali pamoja kila siku, maana mamba hujifunza ratiba. Kutomwona si dalili kwamba hayupo.

Mawimbi ya kupwa na kujaa ni suala la Dampier zaidi. Bamvua la Zanzibar au Mombasa ni la mita nne hivi. Upande wa King Sound, mashariki mwa rasi hii, bamvua hupita mita 10. Maji yanaondoka mbali kiasi kwamba mgeni hutembea kwenye matumbawe akidhani amekuta ufuko mwingine, kisha yanarudi kwa kasi inayomzidi mwendo na kumzunguka kwanza kwa nyuma, kupitia mikondo ya chini. Gari lililoegeshwa kwenye mchanga mgumu saa tano asubuhi linaweza kuwa chini ya maji saa kumi. Chukua jedwali la maji la siku hiyo, muulize mwenyeji, na utumie maji mafu kwa matembezi marefu ya pwani.

Kuhusu uvuvi kuna tofauti ya kisheria ambayo wavuvi wengi hawaijui. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Australia iliamua, katika shauri la Blue Mud Bay lililotoka Arnhem Land hiyohiyo, kwamba kwenye pwani ya ardhi ya Waaborijini ya Northern Territory maji yaliyo juu ya eneo la kupwa na kujaa yako chini ya ruhusa ya wenye ardhi. Kwa hiyo hata ukiwa kwenye mashua, ukivua ndani ya alama ya maji kupwa pale ambapo wenyeji hawajafungua, unavua kwao bila ruhusa. Western Australia haifuati hukumu hiyo kwa namna ileile, lakini kijiji kinaweza kukataza kuvua kwenye vijito vyake, na sheria yenyewe humkataza mgeni kuchukua kasa na nguva, ambao ni chakula cha wenyeji peke yao.

Msiba, sherehe na kamera

Anapofariki mtu, shughuli husimama. Kijiji hufungwa kwa siku kadhaa au wiki, ofisi haipokei simu, na kibali ulicho nacho kinaweza kusitishwa. Kwetu sisi tuliokulia kwenye matanga hili halihitaji maelezo marefu. Ila kwa mpango wa safari lina uzito tofauti kwa kila njia. Great Central Road yenyewe kwa kawaida hubaki wazi. Unachokosa ni kuingia kijijini, kwa mfano kwenye ghala la sanaa la Tjulyuru huko Warburton. Arnhem, Dhimurru hufunga eneo moja ukahamia jingine. Dampier ndiko unakoweza kupoteza kambi uliyolipia, kwa kuwa kambi ni ya familia na wafiwa ni wao. Usidai pesa zako wiki hiyo.

Kuna pia sherehe za jando za watu wa jangwani, ambazo huwa kiangazi cha huko, Novemba hadi Februari. Misafara ya sherehe inaweza kusababisha barabara kufungwa ghafla. Ukisimamishwa, egesha, zima injini, fanya unavyoambiwa, usipige picha. Miezi hiyo pia ni ya joto la zaidi ya nyuzi 40 na mvua za kaskazini, kwa hiyo hakuna sababu nzuri ya mgeni kuwa huko.

Picha za watu, nyumba na watoto usipige bila idhini, na idhini ya mtoto inatoka kwa mlezi wake. Ndege ya kamera iache nyumbani. Anayerekodi video za kuingiza kipato anahesabiwa kuwa mpiga picha wa biashara na anahitaji kibali kingine kabisa. Watu wa mitandao wananaswa hapa mara nyingi. Kuni okota zilizokauka chini, choo chimba sentimita 30 mbali na maji mita 100, taka zote rudi nazo.

Ipi imfae nani

Safari ya kwanza, mkiwa na watoto, au una siku tano hadi saba tu: Dampier, kati ya Mei na Septemba. Ni nafuu kwa gari, rahisi kwa vibali, na ni pekee kati ya hizi ambapo utakaa na mwenyeji. Pita Beagle Bay mtazame kanisa lililojengwa wakati wa vita vya kwanza vya dunia, madhabahu yake yamepambwa kwa maganda ya chaza wa lulu.

Anayehama au kuvuka bara, tuseme anatoka Perth kwenda Alice Springs, achukue Great Central Road, mwezi Juni au Julai, na ajiandae kwa usiku wa baridi chini ya sifuri. Blanketi nyepesi za Dar hazitoshi. Siku nne ni mwendo wa staha. Usiichague kama unataka kupumzika mahali: kibali hakikupi hilo, na utaishia kuona wivu wa kila kilima unachokipita.

Arnhem ni kwa mwenye wiki tatu, gari imara, mwenzi wa pili mwenye gari lake kama inawezekana, na subira ya fomu. Nenda kuanzia Juni barabara ikishakauka. Kama unachokitaka ni Nhulunbuy na fukwe zake, si barabara, panda ndege kutoka Darwin, kodi gari mjini na uombe kibali cha Dhimurru tu. Tunaona ni chaguo bora kwa wengi kuliko wanavyodhani, kwa sababu linaondoa ombi moja na kilomita 1,400 za vumbi, kwenda na kurudi.

Kwa anayetaka kuonja tu: Mereenie Loop, kati ya Hermannsburg na Kings Canyon, ina kibali cha dola chache kinachonunuliwa papo hapo, ila kulala njiani hairuhusiwi. Uluru unaingia kwa tiketi ya hifadhi, unalala Yulara nje ya hifadhi, na kupanda mwamba kumefungwa tangu tarehe 26 Oktoba 2019. Ardhi za APY (Anangu Pitjantjatjara Yankunytjatjara) za South Australia, zilizorudishwa kwa Anangu, wenyeji wake, kwa sheria ya 1981, haziko wazi kwa utalii wa kujiendea; usikunje kona kuziingia kutoka Stuart Highway.

Ukishachagua, fuata mpangilio huu. Miezi mitatu kabla, omba maeneo yenye kikomo cha magari, kama Nanydjaka, au ushike kambi ya familia Dampier. Wiki sita kabla, tuma fomu za Northern Territory. Northern Land Council hutaka angalau siku 10 za kazi, na likizo za shule huongeza foleni. Wiki mbili kabla, jaza ya Western Australia. Chapisha vyote kwenye karatasi, nakala mbili, moja ikae kwenye droo ya gari. Siku moja kabla, piga simu uulize mambo mawili: barabara iko wazi, na kuna msiba? Jibu la kibali likiwa halijafika siku ya kuondoka, lala Katherine, Laverton au Yulara, upige tena asubuhi ofisi ikifunguliwa.